Sirili na Gari Jekundu la Spoti

Jina langu ni Aikande, lakini sokoni Kiboriloni wananiita Mama Martin. Nauza mitumba: makoti, sweta na nguo za watoto. Belo likifunguliwa, mimi nawahi kuchagua. Siangalii rangi kwanza. Nageuza nguo ndani nje, natazama mishono, navuta zipu, nanusa kwapa. Wachuuzi wenzangu wananicheka, lakini wateja wangu wanarudi.

Mume wangu Sirili ni seremala. Karakana yake iko nyuma ya nyumba yetu, hapa Rau. Ni mtu mpole na kazi yake ni safi. Ukimpa ubao ataugonga, atausikiliza, atautazama kwa jicho moja mpaka uchoke kumsubiri. Lakini mtu huyo huyo akiona gari la spoti, akili zote zinamhama. Karakana yake imejaa picha za magari ya milango miwili. Nimeolewa nimezikuta.

Kwa miaka minane tuliweka akiba benki. Nusu ilitoka kwenye mbao, nusu kwenye mitumba. Ikafika milioni kumi na nane. Tulikubaliana tununue gari la kukodisha kwenye harusi. Moshi hii harusi haziishi, na bibi harusi wa siku hizi hataki kupanda gari ambalo hata mjomba wake analo. Gari hilo ndilo lingetulipia ada ya chuo ya mtoto wetu Martin. Kwa hiyo pesa ile haikuwa ya mchezo. Ikipotea, Martin anaacha masomo, na sisi tunaanza upya wakati umri umeshasogea.

Desemba ikafika. Anayeijua Kilimanjaro anajua Desemba ni nini. Wachaga wa Dar, wa Mwanza na wa kila mahali wanapanda nyumbani kula Krismasi. Barabara ya Mwika inajaa magari ya kila rangi. Asiye na gari anajiona kama hajafika. Sirili naye akashikwa na homa hiyo. Akataka mwaka huo tupande na la kwetu.

Jumapili moja tulikwenda Mwika, nyumbani kwao. Baada ya misa tukamkuta Sylvanus nje ya kanisa. Sylvanus ni ndugu wa ukoo wa Sirili na anafanya kazi Dar. Alikuwa amesimama kando ya gari la spoti jekundu, linang'aa, watu wamelizunguka. Akasema analiuza. Mume wangu alilitazama gari lile kwa macho ambayo mimi sikuyaona hata siku ya harusi yetu.

Sylvanus akatukaribisha kwao. Baba yake, Mzee Elisaria, akatupokea vizuri, tukamwamkia, tukakaa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa. Kwetu ukishapokea kata ya mbege mkononi mwa mwenye mali, kisha ukaanza kuuliza maswali, unajiona kama unamwita mwongo mbele ya wazee. Sirili alikunywa kata mbili kabla hajafungua boneti.

Bei ilikuwa milioni kumi na nane. Sylvanus alisema kwa mtu baki ni ishirini na mbili, ila sisi ni ndugu. Tena kuna mteja wa Arusha anakuja Jumanne, kwa hiyo tuamue upesi. Mimi hapo masikio yakasimama. Sokoni tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikaomba kuiona kadi ya gari. Sylvanus akacheka na kusema, "Shemeji, ndugu hawaandikishani."

Sirili akanikanyaga mguu chini ya meza. Kadi nikaiacha, lakini sikutulia. Nikasema pesa iko benki, na leo ni Jumapili. Huo haukuwa uongo.

Sirili alinuna njia nzima. Tulipofika nyumbani nikamtengea chakula, nikakaa mbele yake.

"Baba Martin, ubao wa elfu kumi unaugonga mara tatu. Gari la milioni kumi na nane hujaligonga hata mara moja. Kwa nini?"

Alimega chakula, akakirudisha sahanini. Kisha akasema, "Naona aibu. Ni ndugu yetu."

"Aibu hiyo ni ya dakika kumi. Martin akikosa ada, aibu yake tutaibeba mpaka lini?"

Aliacha chakula, akavaa viatu, akaenda mwenyewe kugonga mlango wa jirani yetu Mwantumu. Nilimpenda sana mume wangu jioni ile.

Mwantumu ni fundi magari. Amefanya kazi gereji miaka kumi na tano, na mikono yake inajua injini kuliko mimi ninavyojua mitumba. Sirili alimweleza yote. Mwantumu akauliza, mlipofika injini ilikuwa ya moto au ya baridi? Sirili alikumbuka kuwa Sylvanus alikuwa ameliwasha toka kanisani.

Mwantumu akatikisa kichwa. Akatufundisha kwamba gari la mtumba hukaguliwa asubuhi, kabla halijawashwa. Injini ikishapata moto, baadhi ya maradhi yake hayaonekani. Tena kukagua si matusi. "Mpigie ndugu yako sasa hivi," alisema. "Mwambie kesho unakuja na fundi, na asiliwashe. Mwenye kitu kizuri hamwogopi fundi."

Sirili alipiga simu huku jasho linamtoka. Sylvanus aliguna, lakini akakubali.

Kesho yake saa moja asubuhi tulikuwa Mwika. Tulimwamkia Mzee Elisaria. Akatuuliza kama tutapata mbege kidogo. Sirili akashukuru, akasema kazi kwanza. Nilitamani kupiga vigelegele.

Mwantumu alianza kwa kulizunguka gari pole pole. Alitoa sumaku ndogo mfukoni akaipitisha kwenye bodi. Kila mahali ilishika, ila kwenye mlango wa kushoto ilidondoka. Akatueleza kwamba sumaku hushika bati. Isiposhika, chini ya rangi kuna fila, yaani mlango uligongwa ukazibwa. Akapitisha mkono upande wa ndani wa matairi. Nje yalikuwa mazuri, ndani yameliwa. Nikasema moyoni, huyu anageuza ndani nje kama mimi.

Kisha akafungua kifuniko cha oili. Chini yake kulikuwa na utando mweupe mweupe, kama maziwa yaliyoganda. Akamwonyesha Sirili na kumweleza kwamba ndani ya injini kuna gasketi. Kazi yake ni kuzuia maji na oili visikutane. Ikiungua vinachanganyika, na unaona rangi hiyo. Gari likawashwa. Moshi mweupe ukatoka. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi si kitu, alisema, huo ni mvuke na unakwisha. Huu haukwisha.

"Sasa tupande mlima," akasema Mwantumu. "Gari lenu litafanya kazi huku, si kwenye tambarare."

Sirili alishika usukani, Mwantumu akakaa pembeni. Hawakufika mbali. Mshale wa joto ulianza kupanda, wakazima gari wakasubiri lipoe. Waliporudi, Mwantumu akafungua buti. Humo mlikuwa na madumu sita ya maji. Akamgeukia Sylvanus kwa upole.

"Kaka, hili ni gari au kisima?"

Hata Mzee Elisaria alicheka mpaka akashika fimbo. Sylvanus alitazama chini.

Ikabaki kadi. Sylvanus alileta nakala tu, na jina lililoandikwa halikuwa lake. Lilikuwa la mtu anaitwa Tito, wa Dar. Mwantumu akatusomea namba ya chesisi kwenye gari, Sirili akailinganisha na ile ya kwenye kadi. Zilifanana, tukashukuru Mungu. Kisha Mwantumu akaingiza namba ya gari kwenye simu kuangalia faini za barabarani. Zilikuwepo nne, hazijalipwa.

Alitueleza bila kuficha. Ukilipa pesa leo, utaondoka na gari lakini kwa sheria bado ni la Tito. Kama Tito ana mkopo, anayemdai anaweza kulifuata. Tito akifa, warithi wake wanaweza kulidai. Anayeuza awe ndiye aliyeandikwa kwenye kadi halisi, au kwanza aliandikishe gari kwa jina lake.

Sylvanus akakaa kwenye kigoda na kusema ukweli. Alilinunua mwezi uliopita tu, kwa rafiki yake Tito, mbio mbio ili awahi Krismasi. Hakuita fundi. Hakuandikisha. Aliona aibu kwa sababu Tito husali naye. Kumbe kosa tulilokaribia kulitenda yeye alishalitenda kabla yetu, na sasa alikuwa anatafuta wa kumpasia.

Hasira zilinipanda, sifichi. Nilitaka kumwambia maneno ambayo hayasemwi mbele ya mkwe. Lakini Sirili alikuwa bado anapapasa usukani. Mwantumu akatuvuta kando.

"Gari hili linatengenezeka," alisema. "Kinachowashinda ni bei na karatasi. Msilipe kitu. Desemba kila mtu anatafuta gari. Januari kila mtu anatafuta ada ya shule. Subirini."

Tukasubiri. Krismasi tulipanda Mwika kwa basi, kama miaka yote. Watu walimtania Sirili, wakamuuliza gari lake liko wapi. Alijibu kwamba liko benki, linapumzika. Sylvanus naye alirudi Dar kwa basi. Gari jekundu lilibaki kwao, chini ya migomba, kuku wanalala juu yake.

Wiki ya pili ya Januari simu ikalia. Alikuwa Sylvanus. Watoto wanafungua shule na ada hajapata. Akasema atatuachia kwa kumi na tano. Zamani Sirili angesema ndiyo kabla sentensi haijaisha. Safari hii alichukua karatasi aliyoandikiwa na Mwantumu. Akamsomea: gasketi na kusawazisha hedi, yaani kichwa cha injini, matairi manne, faini nne. Kila kitu kilikuwa na gharama yake, iliyoulizwa kwenye maduka mawili. Hakumtukana, hakumdhihaki. Alisema atatoa kumi na mbili, na kadi iwe imeshahamishiwa jina la Sylvanus. Wakavutana kidogo. Wakaishia kumi na mbili na nusu, na faini akazilipa Sylvanus mwenyewe.

Ilimchukua wiki tatu kumfuatilia Tito. Alipopata kadi kwa jina lake, akaja Moshi. Tulikwenda kwa wakili mjini. Kwenye mkataba ziliandikwa namba ya gari, namba ya chesisi, namba ya injini, bei, tarehe, na matatizo yote yaliyojulikana. Mke wa Sylvanus alisaini kwamba anakubali mali iuzwe. Mzee Elisaria alisaini kama shahidi. Baada ya kuweka kalamu alimwambia mwanawe, "Ndugu wakiandikishana, hawagombani."

Pesa hatukumpa mkononi. Tuliingiza kwenye akaunti yake, tukabaki na risiti. Sirili akaenda TRA, mamlaka ya mapato, kuanza kuhamisha umiliki. Kila ada aliyolipa alidai risiti, akaiweka kwenye faili.

Mwantumu alilitengeneza gari kwa wiki moja. Lilikula milioni mbili na kidogo. Tukakata bima. Bado tukabaki na pesa ya kumlipia Martin ada ya mwaka. Harusi ya kwanza ilikuwa ya binti mmoja wa Mwika, anaitwa Pamela. Gari lilipanda mlima bila kulalamika, mshale wa joto umetulia pale pale katikati. Pamela alitoa mkono dirishani akapungia watu wote, hata asiowajua. Siku hiyo hiyo tulipata wateja wawili.

Kadi mpya ikatoka. Sirili aliileta sokoni, akaiweka juu ya sweta zangu. Nikaifungua. Kwenye nafasi ya mmiliki liliandikwa jina langu.

Nilidhani TRA wamekosea. Nikamwambia arudi upesi wakarekebishe.

"Hawajakosea," alisema. "Ndiyo maana nilikuomba TIN, namba yako ya mlipa kodi. Pesa hii ingekuwa mikononi mwangu peke yangu, leo tusingekuwa na gari, na Martin asingekuwa chuo."

Nililia hapo hapo mbele ya wateja. Mama mmoja aliyekuwa anachagua makoti alinipa pole, akidhani nimefiwa.

Sasa kila Jumamosi asubuhi Sirili anakuja kuniomba funguo za gari la ndoto yake ya tangu ujana. Nampa. Lakini kwanza nafungua boneti, nachungulia oili.