Picha ya Ubongo wa Bibi Hajra

Kila asubuhi, kabla Raudha hajashika njia ya shule, yeye na bibi yake walianza siku kwa kutaniana. Bibi Hajra alikaa kwenye kigoda mlangoni akipepeta mtama, naye Raudha alifagia uwanja huku akimrushia maneno.

"Mke mwenzangu, leo umeamka na sura gani hiyo?"

"Sura hii hii iliyomtoa marehemu babu yako kijijini Chinongwe kwa baiskeli kuja kunioa," alijibu Bibi. "Wewe hata ugali ukisonga una mabonge. Nani atakutaka?"

Pale kijijini Nkowe mjukuu na bibi ni watani, na hakuna anayemkemea mtoto kwa kumchokoza bibi yake. Raudha, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliitumia ruhusa hiyo mpaka ikapitiliza. Alianza kwa kumfichia ungo. Bibi alipoutafuta, Raudha alimwambia, "Si umempa jirani jana kwa mkono wako? Umesahau, mke mwenzangu." Bibi alisimama akashika kiuno, akafikiri. "Nimempa mimi?" Siku nyingine kilipotea kitambaa chake cha kichwa, siku nyingine jembe. Zaina, mama yake Raudha, mwanzoni alicheka. Baadaye hakucheka tena, akaanza kumtazama Bibi, mama yake mzazi, kwa wasiwasi.

Ikafika siku ya mbaazi. Bibi alizibandika jikoni, akachukua kikapu. "Raudha, mimi naenda kuokota korosho. Angalia maji yasikauke." Raudha aliitikia, akakaa kidogo, kisha akasikia wenzake wakiruka kamba nyuma ya nyumba. Aliporudi, mbaazi zilikuwa zimegeuka mkaa, na moto ulikuwa umetambaa kwenye kuni mpaka kwenye nyasi za paa la jiko. Majirani waliuzima kwa ndoo za maji. Zaina alifika mbio.

"Nani ameacha sufuria motoni?"

Raudha alitazama chini. "Bibi. Alibandika akaondoka. Amesahau."

Ulimi ulitamka kabla moyo haujaamua. Bibi alipokuja na kikapu chake kichwani na kuambiwa, alikitua chini. Alimtazama mjukuu wake.

"Nilidhani nilikuachia wewe," alisema taratibu. "Basi labda nimeota. Kichwa changu siku hizi si changu."

Raudha angeweza kusema palepale. Hakusema. Na kila siku iliyopita, kusema kulizidi kuwa kugumu.

Bibi akakatazwa kuwasha moto. Mjomba Twaha, kaka yake Zaina, alikuja kutoka Nachingwea, na katika ukoo ule neno la mjomba ni zito. "Mama atahamia kwangu mjini," alisema. "Shamba la mikorosho tutampa mtu alitunze. Siku akipotelea porini tutamwambia nini mtu?"

Bibi, aliyeipanda mikorosho ile akiwa bado bibi harusi, hakubisha. Hilo ndilo lililomtisha Raudha. Asubuhi Raudha alipomwita "mke mwenzangu", Bibi alijibu tu, "Sijui, mwanangu," kana kwamba ameulizwa swali.

Kabla ya kumhamisha, Mjomba alisikia kwamba Nachingwea wamefika madaktari watafiti wenye mashine ya kupiga picha ya ubongo. Walikuwa wakitafuta wazee wa kujitolea, ili wajue ubongo unavyobadilika mtu akizeeka, na kipi ni uzee tu, kipi ni ugonjwa. Walitaka pia kila mzee aje na mtu anayeshinda naye nyumbani.

"Anayeshinda naye ni Raudha," alisema Zaina. "Twende wote."

Njia nzima Raudha hakula hata kipande cha muhogo. Aliamini mashine ile itafungua kichwa cha Bibi na kuonyesha yote yaliyomo: ungo, jembe, na yale maneno, "Angalia maji yasikauke."

Mashine yenyewe ilikuwa ya magurudumu, yenye sumaku kubwa. Mpiga picha, kijana aitwaye Agapiti, alimwomba Bibi avue hereni na bangili.

"Na mawazo yangu mtayaona?" aliuliza Bibi. "Maana humu ndani mna ya marehemu mume wangu, si ya kila mtu."

Agapiti alicheka. "Hapana, Bibi. Tunaona umbo la ubongo tu. Siri zako zitabaki zako."

Bibi alilala, mashine ikaanza kugonga na kunguruma. Kwenye kioo cha kompyuta ikatokea picha ya kijivu, yenye mikunjo mingi, kama kitambaa kilichokunjwakunjwa kikasukumwa ndani ya bakuli. Raudha alimsogelea Agapiti.

"Kaka, hapo inaonekana kama mtu alisahau kitu, au hakusahau?"

"Haionekani, mdogo wangu. Picha inaonyesha kama ubongo umesinyaa au umeumia. Mambo ya nyumbani tunayapata kwenu. Mkitudanganya, na sisi tunadanganyika."

Raudha alitarajia kufarijika, kwa kuwa sasa hakuna mashine ya kumuumbua. Badala yake alihisi kama amebebeshwa gunia. Kama mashine haijui, basi duniani anajua yeye peke yake.

Baadaye walikaa na Daktari Goreti. Bibi alijibu maswali yake: siku, mwezi, majina ya vitu alivyoonyeshwa. Zaina akaeleza habari za ungo na jembe, na jiko lililotaka kuungua. Daktari akamgeukia Raudha.

"Na wewe unayeshinda naye, umeona nini?"

Raudha alimtazama Bibi. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono mapajani, kama mtoto aliyeshtakiwa kwa mwalimu.

"Ungo niliuficha mimi," alisema Raudha. "Na kitambaa, na jembe. Na mbaazi, Bibi aliniachia mimi. Nilikwenda kuruka kamba."

Mjomba Twaha alisimama, akakaa tena. "Mtoto wewe, nilikuwa namhamisha mama yangu kwa maneno yako?"

"Mwache amalize," alisema Bibi. Kisha akamgeukia Raudha, na macho yake yalikuwa na machozi. "Utani tunacheka wawili. Wewe ulikuwa unacheka peke yako, mimi nalia usiku nikijiona nimekwisha."

"Nisamehe, Bibi."

"Nitakusamehe. Leo bado inauma."

Daktari Goreti akauliza kwa upole, "Sasa tuanze upya. Yapo ambayo Bibi amesahau kweli?"

"Yapo," alijibu Bibi mwenyewe. "Majina ya watoto wa jirani yananitoka. Na kizunguzungu ninacho."

"Hayo ndiyo ninayoyataka," alisema Daktari, akampima presha. Ilikuwa juu.

Majibu ya picha yalikuja baada ya wiki kadhaa. Ubongo wa Bibi ulikuwa umesinyaa kidogo, kama wa wazee wengi wa umri wake, na hawakuona dalili nyingine ya kuwatia hofu. Alipewa dawa za presha na akaambiwa arudi kupimwa. Mjomba Twaha alilegeza msimamo. Bibi akabaki Nkowe na mikorosho yake.

Lakini mambo hayakurudi kama zamani kwa mara moja. Asubuhi moja Bibi alikuwa ameshafika njiani na jembe begani, akasimama. "Raudha, nimefunga mlango mimi?"

Raudha alikuwa amechelewa shule, na neno "umefunga" lilikuwa rahisi mdomoni. "Sikuona, Bibi," alisema. "Ngoja nikaangalie." Akarudi mbio. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Akamwita Bibi aje auone kwa macho yake.

Jioni Zaina, aliyekuwa amewaona, alimketisha mwanawe karibu naye wakimenya mihogo.

"Mwanangu, picha ilionyesha kichwa cha bibi yako kiko sawa kwa umri wake. Haikuonyesha kwamba ameacha kukiamini, na hilo ulilifanya wewe. Mtu akizeeka anatuuliza sisi kile asichokikumbuka. Ukikiona, mwambie. Usipokiona, sema hukukiona. Ukimdanganya, unamwibia akili yake akiwa bado anayo."

"Atakuja kuniamini tena, Mama?"

"Leo ulipomwambia mlango umefungwa, aliondoka bila kuusukuma kuujaribu," alisema Zaina. "Endelea hivyohivyo."