Sanamu Iliyogeuka Kulitazama Soko

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumanne, Sajenti Veneranda aliitwa kwenye mzunguko wa barabara mbele ya soko, Mbeya mjini. Sanamu ya saruji ya mama aliyejitwika tenga la ndizi ilikuwa imegeuka. Jana iliitazama barabara kuu, soko ikalipa mgongo. Leo ililitazama soko. Kidole cha shahada kilichoshika tenga kilikuwa kimevunjika, na chini hakikuonekana.

Mlinzi, mzee Abrahamu, kofia ameishika kwa mikono miwili.

"Nilikwenda sala ya alfajiri, afande. Saa moja tu. Narudi, mama kageuka."

"Baba, mkubwa wako amesema asipopatikana mtu mpaka saa sita mchana, wewe ndiye unakwenda mahabusu."

"Nimebakiza miezi minne nistaafu," mzee akasema, kwa sauti ndogo.

Veneranda akachutama. Juu ya jukwaa la sanamu kulikuwa na maganda ya mgomba yaliyopondeka. Akagusa, yananata. Ganda la mgomba ukilitandika chini, hata jiwe linateleza kama sabuni. Na utomvu wake ukiingia kwenye nguo, ufue ulie, hautoki.

Akaanza na Iqbal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Mimi nina winchi na jeki, afande. Nihangaike na migomba ya nini? Ila nikwambie ukweli, ile sanamu ingewekwa stendi."

"Sikukuuliza ingewekwa wapi."

"Najua. Lakini stendi pangefaa."

Matilda, muuza ndizi wa langoni, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi na kiuno hiki, mwanangu? Nisukume saruji? Wangempeleka Uyole huko, wateja wangu wanamtazama yeye, ndizi hawazioni."

Crispin wa bodaboda naye: "Inatuziba, afande. Gari la kushoto hulioni. Ing'olewe!"

Veneranda akafunga daftari kwa kishindo. Miezi miwili tangu izinduliwe, mji mzima kazi yake ni kulalamikia mahali ilipo. Hata Vitus, fundi aliyeiumba, alishapeleka barua saba ofisi za jiji.

Saa nne alimkuta Vitus karakanani kwake, anakunywa chai, mkoba wake wa zana kando. Jua linawaka, yeye kavaa sweta la mikono mirefu.

"Ndaga, karibu, afande. Nimesikia. Nampa pole mzee."

"Unaionaje pale ilivyosimama sasa?"

"Panafaa."

Veneranda akalitazama lile sweta, kisha akasema, "Chukua mkoba wako. Twende."

Saa tano kasorobo walikuwa mbele ya sanamu, na watu wamejaa.

"Tangu asubuhi nimechoshwa na maoni," Veneranda alisema. "Kila mtu ana pa kuipeleka. Wewe mwenye barua saba, leo peke yako umeridhika. Kunja mikono ya sweta."

Vitus akakunja. Shati la ndani lilikuwa na madoa ya kahawia, ya utomvu wa mgomba.

"Na kidole. Mwingine angekiacha chini. Aliyekiokota ni aliyekiumba. Fungua mkoba."

Kidole kilikuwemo, kimefungwa vizuri kwenye kitambaa safi.

"Yule ni mama yangu," Vitus alisema. "Miaka thelathini aliuza ndizi lango lile. Hajapata kumpa mteja mgongo. Watu wa jiji wakamsimika hivyo, eti wageni wa barabara kuu wamwone uso. Nikakodi wapakiaji wanne, tukamgeuza."

"Na mzee Abrahamu?"

Vitus akainamisha kichwa. "Sikumfikiria."

"Mama yako angemfikiria."

Vitus akamgeukia mzee, akapiga goti pale pale kwenye vumbi. Abrahamu akamshika bega, akamwinua.

"Afande, kabla hujampeleka, mwache amrudishie mama kidole."

"Na akishamaliza," Iqbal akadakia, "kwa nini asiielekeze kidogo upande wa..."

"Iqbal!"

Mzee Abrahamu akavaa kofia yake, akainyoosha. "Afande, mimi nimeilinda miezi miwili. Naomba na mimi niseme neno kuhusu pale inaposimama."

"Baba yangu," Veneranda alisema, "nakuomba sana. Usiseme."