Ulibadilisha Jina, Ukaacha Ndala

"Nilibadilisha jina lako! Mbona hilo hulioni?"

"Ulibadilisha jina ukaacha ndala!"

Mlango wa chumba cha ushauri ulikuwa wazi na hakuna aliyejali kuufunga. Chiriku, binti wa mwaka wa pili aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuongea, alisimama kati ya maboksi ya vipeperushi na mizani ya kupimia uzito. Mbele yake alikuwa mpenzi wake, kijana mtanashati aliyeongoza klabu ya afya ya wanafunzi. Chuo kizima kilimwita Mwenyekiti.

Sasa jamani, sikieni alichofanya. Klabu yao ina desturi ya kufungua kila somo kwa kisa cha kweli, jina likibadilishwa na mwenye kisa akiwa ameridhia. Asubuhi hiyo somo lilikuwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Mwenyekiti akashika kipaza sauti mbele ya wanafunzi mia mbili, akaanza habari za "dada mmoja, tumwite Waridi," aliyekaa wiki tatu bila kuoga, kisha akaingia kwenye mtihani na ndala moja nyekundu, moja ya bluu, akalalia karatasi mpaka muda ukaisha.

Waridi gani! Picha ya ndala zile ilizunguka kwenye simu za watu mwaka mzima. Ukumbi ukavunjika mbavu, na vichwa vyote vikamgeukia Chiriku aliyekuwa anagawa vipeperushi. Alitamani ardhi ipasuke.

"Nilikuruhusu lini?" Chiriku akamuuliza sasa, mle chumbani.

"Nilijua utaelewa, mpenzi. Wewe ni mwenzetu kwenye klabu."

"Yale nilikwambia nikiwa nalia kifuani kwako. Kile kilikuwa kikao cha klabu?"

"Nilitaka kusaidia watu."

"Wasaidie kwa yako!"

"Mimi sina la kusimulia," Mwenyekiti akajibu, akaanza kupanga vipeperushi vilivyokuwa vimepangwa tayari.

Na Chiriku alimpenda, tusidanganyane. Mwenyekiti ndiye aliyemshika mkono kipindi kile kibaya akamfikisha zahanati. Ndiyo maana iliuma hivyo.

Sista, muuguzi wa zahanati ya chuo na mlezi wa klabu, akaingia. Kelele alizisikia tangu kwenye korido.

"Mwanangu, pumzika wiki mbili tatu, upepo upite. Somo lako la Ijumaa atachukua mwingine."

"Nimekosa nini, Sista, hata nijifiche?"

"Hujakosa kitu. Ila wanakucheka."

"Basi wacheke wakiniangalia. Ijumaa nasimama mimi."

Jioni ujumbe wa Mwenyekiti ukaingia: "Nisamehe. Siwezi kula."

Akamjibu: "Kula. Kisha fikiria kwa nini ulichukua cha kwangu."

"Usipande jukwaani Ijumaa, watakumaliza."

"Tayari mmenimaliza, na bado nipo."

Ijumaa ukumbi ulifurika. Wengine hawakufuata afya wala nini, walifuata umbea. Chiriku hajafika hata mbele, sauti ikatoka nyuma:

"Ndala!"

Kicheko. Akapiga moyo konde, akachukua kipaza sauti.

"Ndiyo, ni mimi. Mwenye picha aitoe tuitazame vizuri, maana mliicheka bila kuuliza. Siku ile nilikuwa sijalala usiku wa nne. Kuvaa tu kulinichukua saa nzima. Kuna mtu hapa aliyewahi kuoga ikawa kazi ngumu kuliko mtihani?"

Akaangaza safu zote, akaendelea.

"Sikuwa mvivu, sikuwa nimerogwa. Nilikuwa naumwa. Nikatibiwa, na dawa nikameza mpaka zikaisha. Sioni aibu. Aibu wabaki nayo walionipiga picha badala ya kuniuliza nina nini."

Kisha binti mmoja wa safu ya pili akanyoosha mkono nusu, kama anayeogopa kuonekana.

"Dada, mtu akitaka kuonana na nyie, aje saa ngapi?"

"Saa yoyote tukiwa tumefungua. Na ukikuta tumefunga, gonga."

Ndipo Mwenyekiti akainuka. Hakuombwa na mtu. Akaongea bila kipaza sauti, ukumbi ukalazimika kumsikiliza.

"Kile kisa niliiba. Hakuniruhusu. Nilichukua chake kwa sababu changu nakiogopa. Tangu nimzike baba, miezi saba sasa, kila asubuhi najifungia chooni nalia kwanza ndiyo nije kuwafundisha nyie kuomba msaada. Mimi mwenyewe sijaomba hata siku moja."

Chiriku alishtuka. Msiba aliujua, lakini miezi saba yote amelala kifuani kwa huyu mtu na hakujua kwamba analia! Machozi yakamlenga, lakini hakumkimbilia kumkumbatia. Alisubiri somo liishe na watu watoke, akafungua daftari la miadi juu ya meza.

"Jumatatu saa nne. Kwa Sista, siyo kwangu."

"Nitakuja. Na uenyekiti naachia."

"Usijitie kuachia. Utabaki, utabeba viti, na wiki ijayo kipaza sauti nashika mimi."

Mwenyekiti akacheka kidogo, huku macho mekundu.

"Umenisamehe?"

"Bado nimekasirika. Na bado nakupenda, ndiyo balaa lenyewe. Lakini ukirudia, mimi na wewe basi."

"Sirudii."

"Shika viti hivyo."

Akavishika. Wakatoka, huyu na viti, yule na daftari. Nje kundi la wanafunzi lilikuwa linawasubiri kwa macho ya kuchungulia, simu mikononi.

"Watauliza kama tumerudiana," Mwenyekiti akanong'ona. "Niwaambie nini?"

"Waambie waniulize mimi."