Pati Chini ya Rangi

Jeki ilipotoboa ubavu wa gari, palisikika mlio mfupi kama wa kopo lililokanyagwa, kisha gari dogo jeupe likaketi juu ya mguu wa Fundi.

Binti yake, mkunga aliyekuwa akielekea kuanza kazi katika zahanati ya mbali, alisimama hatua kumi nyuma, akiutazama uwanda wa chumvi waliokuwa wakiukata tangu alfajiri. Mbele kweupe, nyuma kweupe. Hapakuwa na mti wala ndege, wala njia, isipokuwa alama za magurudumu yao wenyewe. Pancha ya gurudumu la nyuma ndiyo iliyowasimamisha. Alikuwa ameshauri gurudumu lililofunguliwa lilazwe chini ya gari liwe kinga. Fundi, aliyenyoosha mabati miaka thelathini, alijibu kwamba kazi ya dakika tano haihitaji sherehe. Akaketi chini, mguu mmoja mvunguni, kama alivyozoea karakanani.

"Baba! Usisogee."

"Nisogee niende wapi? Gari lako limenikalia."

"Gari lako."

"Nilikupa jana. Ni lako, pamoja na vituko vyake."

Alitania, lakini midomo yake ilikuwa imepauka kama majivu. Chumvi laini ilikuwa imeuokoa mfupa usisagike. Hata hivyo gari lilizidi kudidimia, nao mguu ukididimia nalo. Damu ilichora mstari mwembamba juu ya weupe. Katika dumu zilibaki lita mbili za maji.

Mkunga aliishusha jeki, akaichomoa tunduni. Ilitoka na kigae cha rangi safi, na nyuma ya kigae hicho unga wa kijivu uliochanganyika na kutu.

"Baba, hapa pana alama ya kuwekea jeki. Mbona pametoboka?"

Fundi alifumba macho. "Chuma kilishaliwa siku nyingi. Nikaziba kwa pati, ule udongo wa kuzibia mabati, nikapaka rangi. Nilitaka ulipokee likiwa jipya."

"Ukasahau?"

"Nilipapamba mpaka nikapaamini mwenyewe."

Tangu wamzike mama, hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi kuliko yote ambayo baba aliwahi kumwambia. Miezi minane walikuwa wameishi nyumba moja, kila mtu akiosha kikombe chake. Kila binti alipomuuliza, "Umepona?" Fundi alijibu, "Nimepona," akarudi kulisugua gari.

"Basi jeki niiweke wapi?"

"Gonga. Usitazame, sikiliza. Pati hunyamaza, chuma hujibu."

Binti alilala kifudifudi, chumvi ikimchuna viwiko, akagonga kwa spana. Ubavu mzima: du, du. Sakafu: du, tena bati likabonyea. Tangi la mafuta akaliruka. Kisha akaifikia ekseli nene ya nyuma, chuma kinachounganisha magurudumu, karibu na springi, akagonga.

Ngii!

Katika ukiwa ule, ilikuwa kana kwamba mtu amemwita.

"Hapo," Fundi alisema. "Hapo mkono wangu haukupita."

Lakini ekseli ilikuwa chini mno, jeki haikupita. Akachimba kwa kifuniko cha gurudumu, halafu kwa kucha, mpaka chumvi ikaisha na tope jeusi likatokea. Jeki ingezama humo. Akakimbilia sanduku la vifaa vyake vya ukunga, akang'oa mfuniko wa mbao ambao baba yake alikuwa ameuandika kwa rangi nyekundu, MKUNGA, akaulaza shimoni.

"Utapasuka huo. Nimeuandika siku mbili."

"Utaandika mwingine. Tulia."

Akaisimamisha jeki juu yake, akazungusha. Ubao ulilalamika, ukapasuka katikati, ukashikilia. Gari lilipanda kwa upana wa kidole, kisha kwa upana wa ngumi. Alilisukuma gurudumu lenye pancha chini ya ekseli, na hapo ndipo alipomshika baba yake makwapani, akamvuta. Kilio alichokitoa Fundi kilikwenda mbali, wala hakikupata ukuta wa kukirudisha.

Walikunywa kwa zamu, mafunda mawili mawili. Alipomaliza kufunga gurudumu la akiba, alizichomoa zile mbao mbili, akazifanya banzi za mguu, akazifunga kwa kitenge chake.

"Twende upande gani?"

"Jua limeshageuka. Liweke mgongoni, usiliache."

Aliendesha. Kila gari liliporuka Fundi aliguna, na binti alipunguza mwendo bila kuombwa. Mnara wa maji wa zahanati ulichomoza mwembamba kama sindano, ukapotea katika mawimbi ya joto, ukachomoza tena.

Mhudumu wa zahanati aliwatolea machela. Mkunga alipiga magoti kando ya baba yake, mikono imechanika, akauliza kwa mazoea yale yale ya miezi minane:

"Baba, umepona?"

Fundi alizitazama banzi, MKU upande mmoja, NGA upande wa pili.

"Bado, mwanangu," akasema. "Tangu mama yako aondoke, bado."

Binti aliushika mkono wake, akaenda naye ndani.