Boga Lililovuka Wigo

Sogeeni karibu, watoto. Aliye nyuma aje mbele, hadithi inaanza kuchemka.

Huko Muheza aliishi msichana, jina lake Semeni. Aliishi na mama na baba. Nyuma ya jiko lao kulikuwa na wigo wa michongoma.

Ng'ambo ya wigo aliishi Bi Pili, peke yake. Bi Pili hakuwa msemaji. Ukimwamkia, anaitikia. Kisha anaingia ndani.

Siku moja Semeni aliona kitu cha kijani kikichungulia chini ya wigo. Ulikuwa mmea wa boga. Ulikuwa umetambaa kutoka kwa Bi Pili, nyata, nyata, nyata, mpaka kwa kina Semeni.

Ua la njano likachanua. Nyuki wakaja, zzz, zzz. Ua likanyauka, na palepale kikatokea kiboga, kidogo kama yai.

Kila asubuhi Semeni alichuchumaa, akaliuliza:

"Boga, boga, we ni wa nani?
Wa kwetu huku, au wa jirani?"

Boga halikujibu. Lilinenepa tu.

Likawa kama ngumi. Likawa kama kikombe. Likawa kubwa kuliko kichwa cha Semeni.

"Boga, boga, we ni wa nani?
Wa kwetu huku, au wa jirani?"

Boga, kimya.

Jioni moja mvua ilinyesha. Mama alirudi kutoka kazini, kanga imelowa chepechepe. Akachungulia kapuni. Nazi moja. Vitunguu. Nyanya. Basi.

"Mvua imenizuia kufika sokoni," alisema mama. "Leo tutapika nini?"

"Tupike boga," alisema Semeni. "Liko nyuma ya jiko."

"Hilo ni la Bi Pili."

"Lakini liko kwetu, mama."

"Limelala kwetu, mwanangu. Mzizi wake uko kwa Bi Pili. Nenda ukamwombe."

 

Semeni akazunguka wigo. Akasimama mlangoni kwa Bi Pili.

"Hodi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, kama ya kifaranga.

"Hodi," akasema tena.

"Karibu."

Bi Pili alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbele ya jiko la mkaa. Juu ya jiko palikuwa na sufuria ndogo. Ndogo sana. Sufuria ya mtu mmoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

 Mkaa ukalia, ta, ta.

"Bibi, boga lako limekuja kwetu."

"Limekuja?"

"Limepita chini ya wigo."

"Na halikupiga hodi?"

Semeni akafikiri. "Halikupiga."

"Basi halina adabu," alisema Bi Pili. Mdomo wake haukucheka. Macho yake yalicheka.

Semeni akapata nguvu. "Mama anaomba tulipike. Tafadhali, bibi."

"Lichukueni," alisema Bi Pili. "Mimi na kisufuria hiki, boga zima nitalipeleka wapi?"

Semeni akarudi mbio, chapa, chapa, chapa kwenye matope.

Mama akakata kikonyo, kacha. Akachuma na majani machanga, akayatoa nyuzi moja moja. Boga likapasuliwa. Ndani lilikuwa la rangi ya machungwa, linang'aa.

Baba akakaa juu ya mbuzi, akakuna nazi. Kwaru, kwaru, kwaru.

Semeni akakamua tui. Tui zito likawekwa pembeni. Tui jepesi likaingia kwenye sufuria, juu ya boga.

Toko, toko, toko. Semeni akaimba:

"Tokota, boga, tokota,
wenye njaa twakuota."

Kisha akanyamaza. Alikuwa anakumbuka ile sufuria ndogo.

"Mama, Bi Pili anapika kidogo sana."

"Tutampelekea bakuli," alisema mama.

"Bakuli atakula na nani?"

Mama akaacha kukoroga. Mwiko ukasimama.

"Nenda kamwite," alisema.

Semeni akazunguka tena wigo. "Hodi, bibi. Mama anakuita, tule wote."

Bi Pili akatazama moto wake. "Mimi nimezoea kula hapahapa, mjukuu wangu."

"Mkekani kuna nafasi," alisema Semeni. "Ni pembeni yangu."

 Matone yalidondoka kutoka kwenye paa, do, do, do. Semeni akawaza, sasa atakataa.

Bi Pili akashika goti, akainuka taratibu.

"Ngoja nichukue iliki," alisema. "Boga bila iliki limepungukiwa."

Wakaenda pamoja, mkono kwa mkono, wakikwepa madimbwi.

Jikoni, Bi Pili akatwanga iliki. Twa, twa, twa. Akaichanganya na tui zito, akamimina juu ya boga.

"Sasa usikoroge, litapondeka," alimwambia Semeni. "Tikisa tu sufuria. Hivi."

Semeni akashika sufuria kwa kitambaa, Bi Pili akashika upande wa pili. Wakatikisa.

"Tokota, boga, tokota,
wenye njaa twakuota."

Mama akakaanga vitunguu na nyanya, chwaaa. Majani yakaingia, yakanywea. Baba akakaanga mbegu za boga, zikaruka, pa, pa. Harufu ikajaa jiko, ikatoka mpaka njiani.

Wakakaa mkekani, watu wanne. Boga lilikuwa laini. Lilikuwa tamu. Tui lilichuruzika mpaka kwenye viwiko vya Semeni.

"Nani kakuna nazi hii?" aliuliza Bi Pili. "Imekunwa vizuri."

"Ni mimi," alisema baba, akakaa wima kidogo.

Bi Pili akala. Akaongezewa. Akala tena.

Mvua ikarudi, pole pole. Wakubwa wakaanza kuzungumza. Macho ya Semeni yakawa mazito. Kichwa kikainama, kikainama, kikatua kwenye paja la Bi Pili.

Mama akainuka ili ambebe.

"Mwache kwanza," alinong'ona Bi Pili.

Semeni akalala fofofo. Mguu wa Bi Pili ukaanza kufa ganzi.

Hakuusogeza.