Sahani Mlangoni mwa Stoo

Haya sikusimuliwa na mpita njia. Dada ninayemtaja ni mtoto wa mama mkubwa, na tunakaa nyumba moja.

Ilikuwa Jumamosi tulivu, redio inaimba jikoni. Dada ni fundi cherehani, na asubuhi hiyo alikuwa sebuleni akipunguza kiuno cha gauni. Nikadhani la mteja. Kumbe lake, kwa mara nyingine tena. Nikamtania, "Fundi, ukiendelea hivi utapita kwenye tundu la sindano." Akatabasamu kwa adabu tu.

Mama mkubwa hakuwa na wasiwasi. Kila mlo Dada alibeba sahani yake akale peke yake, na sahani ilirudi nyeupe. Anayemaliza chakula anaumwa nini? Basi akawa anamjazia zaidi. Ndivyo tulivyo kwetu: sahani ikirudi tupu, hatuulizi. Lakini Dada alikuwa amebaki mifupa, na juzi yake alizimia juu ya cherehani. Niliogopa tutamzika.

Mchana huo nikamfuata. Alikuwa amechuchumaa koridoni, sahani ameiweka sakafuni, mbele ya mlango wa stoo uliofungwa.

"Dada, unafanya nini?"

"Shh. Anakula."

"Nani?"

"Mimi. Yule mdogo."

Ndani ya stoo, kitu kilitafuna. Nikatazama sahani. Chakula kilikuwa kinapungua.

Dada akaninong'oneza bila kunitazama. Alipokuwa mtoto, marehemu baba yake wa kambo alimfungia kwenye stoo hii hii kila alipodokoa chakula. Sahani aliiweka nje ya mlango, ili harufu ipite kwa chini.

"Nikitia tonge mdomoni, namsikia analia. Nitamezaje?"

Nikageuka. Mama mkubwa alikuwa nyuma yetu, mwiko mkononi. Hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

"Mama," Dada alisema, "wakati ule ulikuwa unanisikia nikilia?"

"Nilikuwa nakusikia."

Kutafuna kukakoma.

Mama mkubwa akatupita, akazungusha ufunguo. Giza. Magunia. Harufu ya mkojo wa mtoto. Hakuna mtu. Akapiga magoti.

"Toka, mwanangu. Nilimwogopa yule mwanaume, nikakuacha. Toka ule."

Hewa ya baridi ikatupita miguuni. Dada akasikiliza. Akasikiliza tena. Kisha akaivuta sahani, akamega tonge, akameza huku machozi yanamtoka. Akamega jingine. Nami nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Hajapona kabisa. Zipo siku tonge humkwama, na nesi wa zahanati anamfuatilia. Lakini anakula mezani, pamoja nasi.

Sasa mama mkubwa ndiye asiyekula. Hukaa mbele ya sahani iliyojaa, macho ameyainamisha pembeni ya kiti chake.

"Ngojeni kwanza ashibe huyu," husema.

Sketi zake zina alama za vidole vidogo vyenye mafuta. Nyumba yetu haina mtoto. Nimezifua, nimezichemsha, alama hazitoki. Leo asubuhi amevaa blauzi ambayo Dada alimaliza kuishona jana. Alama zipo tayari, kwenye mabega yote mawili, pale mtoto anaposhika akishabebwa.