Jeannine na Tairi za Kuchongwa

Kila neno utakalosoma hapa ni kweli tupu. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza. Nimeweka dau kabisa: ukikuta uongo hata mmoja, njoo kwangu Ilembo umchukue jogoo wangu mwekundu, yule anayewika kabla ya redio ya jirani. Mimi ni Malale, dereva mstaafu. Niliendesha malori miaka thelathini na mmoja, na siku moja nilimvuta kiboko kwa kamba kutoka kwenye tope la Mto Katuma, akanishukuru kwa kutikisa masikio. Hilo nalo ni kweli.

Jirani yangu Prisila ana gari la kuvuta magari yaliyokwama au kuharibika. Ni mama mfupi, mzaliwa wa Katumba, na sauti yake ikitoka hata ng'ombe husimama. Binti yake Jeannine alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jeannine alizunguka gari lile gurudumu kwa gurudumu. Kwa kijiti alitoa vijiwe vilivyonasa katikati ya kashata, yale matuta ya mpira yanayoshika barabara. Kisha aligonga kila tairi kwa kipande cha nondo na kutega sikio. Tairi lenye upepo wa kutosha lilitoa sauti kavu. Lililolegea lilitoa sauti nzito, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati.

Jumamosi moja alikwenda na mama yake njia ya Inyonga kuvuta lori la tumbaku. Walipokuwa wakishuka mteremko, tairi moja la nyuma lilipasuka. Gari liliyumba kulia, likayumba kushoto, likasimama hatua mbili kutoka kwenye korongo. Prisila alishuka, akakaa chini kando ya barabara. Jeannine hakuwahi kumwona mama yake akikaa chini kazini. Aliokota kipande cha tairi lililopasuka, akakiweka kwenye mkoba wake wa shule, na wiki nzima alikuwa akikitoa na kukitazama.

Tairi la pili la nyuma lilikuwa limenunuliwa siku moja na lile lililopasuka, kwa hiyo nalo halikuaminika tena. Prisila alihitaji tairi mbili, tena upesi. Wakulima wa tumbaku wa Inyonga walikuwa wamemwambia waziwazi: Jumatatu awe barabarani, la sivyo watatafuta gari lingine la kuwavutia malori msimu mzima.

Basi Jumamosi iliyofuata akaenda kwa Nestori, muuza tairi karibu na stendi ya mabasi. Nestori alikuwa na tabia ya kuandika herufi N kwa rangi nyeupe kwenye kila mali yake: ngazi, viti, ndoo, hata mbuzi. Prisila alikwenda na Jeannine, na fundi Eustace wa kumfungia hizo tairi, na mzee mmoja mjuzi wa barabara ambaye jina lake halina umuhimu katika habari hii. Mimi nilikuwa karibu sana, nikaona kila kitu.

"Karibu mama, karibu!" Nestori alisema, akazipigapiga tairi mbili zilizolazwa moja juu ya nyingine. Ziling'aa kama viatu vya bwana harusi. "Tazama kashata hizo. Ndefu! Hapa unavuta hata mlima ukitaka."

Prisila akamgeukia yule mzee. "Mzee wangu, wewe unasemaje?"

Mzee akakohoa kidogo. "Aina hii naijua sana. Nilikwenda nayo Tunduma na kurudi mara mia nne. Pancha hata moja sikupata. Chukua mwanangu, usifikirie mara mbili."

Jeannine alikuwa amechuchumaa, kidole chake kikitembea ndani ya mfereji wa tairi.

"Mama, usinunue hizi."

"Jeannine, wakubwa wanaongea."

"Nimesikia, mama. Lakini usinunue."

"Eustace," Prisila akasema, "leta jeki, tufunge."

Hapo ndipo binti yule alipofanya jambo ambalo stendi nzima inalikumbuka. Alipanda juu ya zile tairi mbili, akajitumbukiza kwenye tundu lake mpaka kiunoni, akakunja mikono kifuani.

"Sitoki," alisema.

"Toka humo! Watu wanatutazama."

"Watazame tu, mama. Shikamoo nitawapa wote, mmoja mmoja. Ila kutoka sitoki."

Makondakta wakaanza kukusanyika. Mmoja akapiga mluzi. "Oyaa, dogo kaota mizizi! Mletee maji amwagiliwe!"

"Nileteeni," Jeannine akajibu. "Nitayatumia kuoshea tairi hizi, muone zilivyo bila kiwi."

Watu wakacheka. Nestori hakucheka. "Mama Jeannine, mtoto huyu amelelewaje? Darasa la sita anifundishe mimi kazi? Mimi nilikuwa nauza tairi kabla yeye hajazaliwa!"

"Ni kweli, mjomba," Jeannine akasema kwa adabu kabisa. "Na hizi mbili nazo zilikuwepo kabla sijazaliwa."

Kondakta mmoja akaishiwa nguvu kwa kicheko, ikabidi ashike nguzo. Lakini Jeannine hakutabasamu. Alilowesha pindo la kitenge chake kwa mate, akainama, akasugua ubavu wa tairi la juu. Kiwi cheusi kikatoka. Chini yake zikaonekana namba nne: 0911.

"Fundi Eustace," akaita. "Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma namba hizi. Zisome, watu wasikie."

Eustace akatazama chini. Wengine mnaweza kumlaumu, lakini kwetu fundi wa tairi hasemi vibaya mali ya mwenye duka, kwa sababu duka ndilo linalomletea kazi. Akifungua mdomo leo, kesho anashinda ananing'iniza miguu kibarazani. Desturi hiyo kila mtu anaijua, na hakuna aliyewahi kuiuliza maswali.

"Fundi," Jeannine akasema tena. "Mama anaondoka Jumatatu na hizi. Sema sasa."

Eustace akaweka jeki chini. "Wiki ya tisa, mwaka elfu mbili na kumi na moja," akasema polepole. "Mpira huzeeka hata ukiwa umelala dukani. Unakauka, unapasuka ndani kwa ndani."

"Mwaka ni namba tu!" Nestori akafoka. "Kashata je? Kashata si mnaziona?"

Jeannine akatoa kile kipande kutoka kwenye mkoba, akakipeleka mbele ya macho ya mama yake. "Mama, gusa mfereji wa hiki. Unahisi mikwaruzo? Ni kisu. Mtu alichukua tairi kipara, akapasha kisu moto, akachonga mifereji mipya kwenye mpira kidogo uliobaki. Sasa gusa na hili."

Prisila akagusa kipande. Akagusa tairi. Akarudia kugusa kipande. Uso wake ukabadilika.

Eustace akachukua sindano yake ya kuzibia pancha, akaikandamiza ndani ya mfereji wa tairi lile. Haikuzama hata nusu kucha. Alipoichomoa, ilitoka na uzi. "Nyuzi ndizo mifupa ya tairi," alisema, sasa akiwaambia wote. "Kati ya nyuzi na barabara hapa hakuna kitu. Hili na lile lililopasuka ni ndugu."

Nestori akasema kwamba hata yeye aliletewa hivyohivyo. Yule mzee mmoja alikuwa ameanza kutazama mawingu.

"Toka humo sasa, mwanangu," Prisila akasema taratibu. Jeannine akatoka.

Wakaenda duka la pili, na safari hii Eustace ndiye aliyesema na Prisila akasikiliza. Gari la kuvuta, alieleza, hubeba nyuma mzigo wake na wa mwenzake, kwa hiyo tairi za nyuma ziwe na ubavu mgumu na namba ya uzito iliyoandikwa ubavuni iwe kubwa kuliko mzigo wa gari. Kashata ziwe nene, zenye nafasi ya kutema tope. Vinundu vidogo vilivyo ndani kabisa ya mifereji viwe bado vimo. Kisu cha mchongaji huvifyeka. Na upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa limepoa. Tairi za namna hiyo zilikuwa ghali. Prisila alikuwa amekusudia kulipaka gari lake rangi nyekundu mpya; akaahirisha rangi, akanunua tairi.

Jumatatu akaenda Inyonga. Alivuta lori la tumbaku, akavuta trekta, na njiani kurudi akavuta tembo watatu waliokuwa wamechoka kutembea. Sasa ni msimu wa pili, gari bado limepauka, na tairi zile bado zina kashata.

Jioni ya siku ile ya tairi, Prisila alimkalisha binti yake jikoni. "Leo nilikasirika," alisema, "nikadhani unanivunjia heshima. Lakini waliokuwa wamenyamaza pale ndio walionivunjia heshima. Ukiona hatari, sema kwa adabu. Usiposikilizwa, sema tena. Na usitoke kwenye ukweli wako kwa sababu tu watu wanacheka."

Habari yangu ingeishia hapo, kama nisingefanya kosa la kumpa Jeannine daftari hili alisome kabla halijafika kwenu. Alisoma mpaka mwisho, akalifunga.

"Babu Malale, tembo na kiboko tumekusamehe. Hayo hata watoto wa chekechea hawaamini. Lakini huyu mzee mmoja ni nani? Nami nilikuwepo pale."

"Ah, mzee tu. Mpita njia."

"Aliyekwenda Tunduma mara mia nne?"

"Huyohuyo."

"Na hakupewa chochote kwa kuzisifia tairi zile?"

"Nijuaje mimi?"

Jeannine akanyoosha kidole kwenye kona ya sebule yangu. Pale palikuwa na ndoo ya asali ya Inyonga, imebaki robo. Ubavuni ilikuwa na herufi kubwa nyeupe: N.

Nilifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu niache udereva, haukutoka uongo. Yalitoka haya, nami nayaandika kwa mkono wangu: mzee yule ni mimi. Tairi zile sikuzikagua hata kwa jicho. Kwa ndoo moja ya asali, nilikuwa tayari kumpeleka jirani yangu korongoni.

Jeannine hakunigombeza. Alikwenda uani, akarudi na jogoo wangu mwekundu kwapani.

"Na asali?" nikauliza kinyonge.

"Asali baki nayo, Babu. Kila ukiilamba, ukumbuke."

Sijailamba tena. Na kila alfajiri, kutoka juu ya bodi la lile gari lililopauka, jogoo wangu huwika. Nami huamka, nachukua kipande cha nondo, navuka ua kwenda kumsaidia Jeannine kugonga tairi.